Pambo la Mwanafunzi na Mpaka Wake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Kila mwaka, uingiapo mwezi wa Septemba katika nchi ya Kenya, na Oktoba au Novemba katika Tanzania, vijana wa pwani hufunga mizigo yao kurudi katika vyuo vikuu. Baba huulizwa ada ya masomo, na nauli, na fedha ya chakula. Kisha hupewa karatasi ya pili, na karatasi hiyo ndiyo asili ya maneno haya. Juu yake pameandikwa: Vitu vya lazima. Na chini yake: sabuni ya mwili na sabuni ya uso, mafuta ya nywele, dawa ya kikwapa, manukato ya chupa, viatu jozi tatu, saa, mkufu, na krimu ya kung'arisha ngozi. Baba mwenye mashua moja ya kuvulia, au mwenye genge la nazi, huisoma karatasi ile mara mbili, kisha macho yake hurudi juu katika lile neno "lazima" akalitazama.

Wako wanaoikunja karatasi wakasema: "Haya ni upuuzi, mwanafunzi haendi harusini." Na wako wanaoitimiza yote kwa kukopa, wasije watoto wao wakaonekana wanyonge mbele ya wenzi wao. Makundi yote mawili yameliruka swali lenyewe, nalo ni hili: je, liko pambo lililo la lazima? Maana pambo kwa asili yake ni kile kinachozidi haja. Mwenye njaa ahitaji chakula, na aliye uchi ahitaji nguo. Walakini ni nani awezaye kusema kwamba ahitaji uzuri? Mwenye kusema "pambo la lazima" ni kama aliyesema "ziada isiyozidi." Basi ama neno lile juu ya karatasi ni kosa, ama lina maana iliyofichika ambayo yafaa kufichuliwa.

Jambo hili lilikwisha fikiriwa na wanazuoni kabla ya vyuo hivi kujengwa. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), alipoyapanga maslaha ya wanadamu katika kitabu chake cha usuli, aliyaweka daraja tatu: ya kwanza ni dharura, ambazo zikikosekana dini na nafsi na akili na nasaba na mali huharibika, ya pili ni haja, ambazo zikikosekana watu huingia katika dhiki, na ya tatu ni yale ya kupendezesha na kupamba. Baada yake al-Shatibi wa Andalusi, aliyefariki mwaka 790 (1388), alipotaja mifano ya daraja hii ya tatu, alitaja ndani yake kuondoa najisi, na tohara zote, na kusitiri uchi. Na angalie msomaji ajabu ya jambo hili. Kusitiri uchi na tohara vimehesabiwa katika mlango wa kupamba, na hali kila mtoto aliyesoma Safina ajua ya kuwa sala haisihi bila ya hivyo. Kumbe ndani ya pambo mna lililo la wajibu! Kuliita jambo "pambo" hakulitoi katika lazima, na kuliita "lazima" hakulitoi katika israfu. Yataka kugawanya.

Na mgawanyo ulio karibu na fahamu ni huu: kila afanyalo mtu kwa ajili ya sura yake halitoki katika matendo matatu. Ama aondoa kitu kisichotakiwa, ama aongeza kitu kinachopendeza, ama ageuza kile alichoumbwa nacho. Kuondoa, na kuongeza, na kugeuza. Haya matatu hayalingani katika hukumu wala katika gharama, na aliyeyachanganya atamnyima mtoto haki yake, au atamnunulia madhara kwa mali yake mwenyewe.

Ama kuondoa, hilo ndilo lililo la lazima. Katika hadithi iliyopokewa na Bi Aisha (r.a.), nayo imo katika Sahihi ya Muslim, yametajwa mambo kumi ya maumbile safi: kupunguza masharubu, kuacha ndevu, kupiga mswaki, kuvuta maji puani, kukata kucha, kuosha maungo ya vidole, kunyonyoa kwapa, kunyoa kinena, kujitwaharisha kwa maji; na la kumi mpokezi alilisahau, akadhani kuwa ni kusukutua. Mwenye kuyahesabu ataona ya kuwa yote isipokuwa ndevu ni kuondoa: kukata, kunyoa, kuosha, kusugua. Hapana hata moja la kununuliwa kwa bei ghali. Maji, na wembe, na kijiti cha mti; haya hupata maskini kama apatavyo tajiri. Na Anas bin Malik (r.a.) amepokea kuwa katika kucha na masharubu na kwapa na kinena uliwekwa muda, yasiachwe kupita masiku arobaini. Hivyo sharia imeufanya uzuri wa lazima kuwa uzuri usiomshinda mtu yeyote.

Na sababu ya lazima hii ni nini? Sababu yake ni haki ya yule aliyekaa ubavuni. Ibn Abbas (r.a.) alipoulizwa juu ya josho la Ijumaa alieleza asili yake: watu walikuwa mafukara, wavaa sufi, wachukuzi wa mizigo kwa migongo yao, na msikiti ulikuwa mwembamba, paa lake la chini. Siku moja ya joto walitoka jasho katika sufi zile hata harufu zao zikawaudhi wao kwa wao, na Mtume (s.a.w.) alipoihisi harufu ile akawaamuru waoge siku hiyo, na kila mmoja ajipake katika mafuta na manukato yaliyo bora aliyo nayo. Hakuwakemea kwa ufukara wao, wala hakuwataka wavae hariri. Aliwataka waondoe kinachomuudhi mwenzi wao. Na kwa mlango huohuo alimzuilia aliyekula kitunguu thomu au kitunguu maji asikaribie msikiti, akabainisha ya kuwa malaika huudhika kwa yale yanayowaudhi wanadamu.

Sasa na atazame mtu chumba cha masomo cha mji wa pwani, mwezi wa Februari, kaskazi imekatika, na vijana mia wamekaa bega kwa bega kuanzia asubuhi hata alasiri. Hapana tofauti kubwa baina ya chumba hicho na msikiti ule wa sufi. Kijana mwenye kikwapa ameingia, na wa kulia kwake amesogea, na wa kushoto kwake amesogea. Hapana aliyemwambia neno, lakini jioni wote watamsema. Yeye amepoteza wenzi wa kusoma nao asijue kwa nini, na wao wamechuma dhambi ya kusengenya. Angalinunuliwa kipande cha shabu, au angalipata rafiki mmoja wa kumweleza faraghani kwa upole, watu wote hawa wangalisalimika. Je, huu ni upuuzi wa harusini?

Fiqhi ya madhehebu ya Imamu Shafi'i imeuweka mpaka huu wazi kabisa. Imamu al-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 (1277), alipoeleza katika Minhaji yale yanayompasa mume kumpa mkewe, alitaja vyombo vya kusafishia: kitana, na mafuta, na cha kuoshea kichwa, na martaki na mfano wake kwa ajili ya kuondoa kikwapa. Kisha akasema kuwa wanja, na hina ya kupaka, na yale yanayopamba si wajibu juu yake. Hukumu hii ni ya mke juu ya mumewe, walakini kigawanyo chake chamfaa kila mwenye kumkimu mtu: kile kinachoondoa uchafu ni haki, na kile kinachozidisha uzuri ni hisani. Na martaki iliyotajwa ni risasi iliyochomwa, nayo leo imejulikana kwa matabibu kuwa risasi ni sumu, kwa hivyo hapana wa kuirudia. Lakini hukumu hufuata sababu yake, na sababu ni kuondoa harufu, kwa shabu ama kwa dawa nyingine isiyodhuru. Basi dawa ya kikwapa iliyomfanya baba acheke karatasini imo katika Minhaji zaidi ya miaka mia saba.

Tena Badruddin Ibn Jama'a, kadhi wa Kishafi'i aliyehukumu Kudusi na Misri na Sham, akafariki mwaka 733 (1333), aliandika kitabu juu ya adabu za mwalimu na mwanafunzi. Katika adabu za mwanafunzi ametaja kuwa asiingie kwa mwalimu wake ila akiwa na umbile lililotimia: mwili na nguo vimetwaharika, kucha na nywele zimepunguzwa, na harufu mbaya imeondolewa. Na Waswahili wa zamani walikuwa wakiyatenda haya kabla ya kuyasoma. Neno "chuo" lilikuwa la Kurani kabla halijawa la vyuo vikuu. Na mtoto wa miaka sita au saba alipopelekwa chuoni alioshwa, akapakwa mafuta ya nazi, akavikwa kanzu iliyofuliwa na kofia, akashikishwa juzuu yake. Hapana mama aliyempeleka mwanawe kwa mwalimu na tongo machoni. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto wa alifu na bee, vipi itakuwa ni upuuzi kwa aliyekwisha baleghe?

Ama kuongeza, hilo ni halali lenye mpaka. Hapana katika dini chuki ya uzuri. Katika Suratul-Aaraf aya ya 31 wanadamu wameamrishwa kuchukua pambo lao kila waendapo mahali pa sala, na katika aya iyo hiyo wamekatazwa israfu. Amri na mpaka wake zimekaa pamoja. Imamu Malik, aliyefariki Madina mwaka 179 (795), alikuwa akitaka kusomesha hadithi huoga, akavaa nguo nzuri, akajitia manukato, ndipo akatoka kwa wanafunzi. Alikuwa akiitukuza elimu aliyoibeba. Kwa hivyo kijana aliyefukiza kanzu yake udi kwa chetezo, akajipaka mafuta ya atari kidogo, akafunga buku zake akaenda darasani, yuko katika njia iliyopitwa na wakubwa, maadamu mali ni yake na nia yake ni safi.

Lakini mtu atauliza: nia itajulikanaje? Swali hili pia lilikwisha ulizwa. Mtume (s.a.w.) alipohadharisha juu ya kiburi, ya kwamba hataingia Peponi mwenye kiburi hata cha uzani mdogo kabisa moyoni, mtu mmoja alitaja kuwa mtu hupenda nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Akajibiwa kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na hupenda uzuri, na ya kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Jawabu hili, alilolipokea Ibn Mas'ud (r.a.), limeihamisha hukumu kutoka kwenye kiatu kwenda kwenye moyo wa mwenye kiatu. Kwa hivyo mwenye kutaka kujipima ana vipimo vitatu, na kila kimoja chaweza kupimwa na kijana mwenyewe bila ya kumwambia mtu.

Kipimo cha kwanza: je, yuko tayari kwenda darasani bila ya pambo lile? Ikiwa kiatu kimechanika na yeye akabaki chumbani kwake, somo likampita, basi kiatu kile si pambo lake tena. Ni bwana wake, na yeye ndiye mtumwa. Kipimo cha pili: je, amwonapo mwenzi wake aliyevaa shati lililopauka, humsalimu kama amsalimuvyo aliyevaa jipya? Akiona moyo wake umepunguza salamu, ajue kuwa kiburi kimekwisha kuingia, hata kama nguo yake ni ya bei rahisi. Kipimo cha tatu: mali ya pambo imetoka wapi? Wanafunzi wengi wa Kenya na Tanzania husoma kwa fedha za bodi za mikopo ya elimu ya juu. Nazo ni deni, litadaiwa baada ya masomo. Fedha ile ya kujikimu imetolewa kwa chakula na malazi na vitabu. Mwenye kuitia katika mkufu na viatu jozi tatu, kisha akalala na njaa, au akaazima buku kwa wenzi wake kila siku, ameipeleka amana pasipo pake. Wazee wamesema: nguo ya kuazima haisitiri matako, na nguo ya deni hukaribia kuwa ni iyo hiyo. Na jambo la deni si dogo: imepokewa katika Sahihi ya Muslim kuwa shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni.

Mfano wa haya yote umo katika maisha ya kijana mmoja, Mus'ab bin Umeir (r.a.). Katika vijana wa Makka hapakuwa na aliyemzidi kwa mavazi na manukato; mamaye alikuwa na mali, na alimvika vilivyo bora. Aliposilimu aliyakosa yote hayo. Kisha, kabla ya Hijra, yeye ndiye aliyechaguliwa kwenda Yathrib kuwasomesha watu Kurani. Mwalimu wa kwanza aliyetumwa katika mji ule alikuwa ni kijana aliyekwisha jua pambo lote la dunia, akaweza kuishi bila yake. Na alipouawa katika vita vya Uhud, mwaka 3 wa Hijra (625), hakuacha ila shuka moja: walipomfunika kichwa, miguu ilidhihirika, walipomfunika miguu, kichwa kilidhihirika. Wakaamriwa wafunike kichwa chake kwa shuka, na miguu yake waitie nyasi za idhkhir. Manukato ya Mus'ab hayakuwa dhambi alipoyavaa, na ufukara wake haukuwa aibu ulipomfika. Heshima yake ilikuwa katika alichokibeba kifuani, nacho hakikuongezeka kwa nguo wala hakikupungua kwa shuka fupi.

Wala asidhani mtu kuwa sifa hii ni ya kuacha usafi kwa jina la zuhudi. Jabir (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alimwona mtu nywele zake zimetimka, akashangaa kwamba hakupata cha kuzituliza, na mwingine nguo zake zimechafuka, akashangaa kwamba hakupata cha kuzifulia. Yuko mwanafunzi mwenye kuringa kwa vitambaa vyake vibovu, akiwatazama wenye nguo safi kuwa ni watu wa dunia. Huyo naye amewadharau watu, na kiburi cha matambara ni kiburi vilevile.

Na katika kuongeza mna mambo yaliyokwisha kuhukumiwa, si ya kushauriana. Mkufu wa dhahabu na nguo ya hariri tupu ni haramu kwa wanaume; pete ya fedha yamtosha kijana. Na binti anayekwenda katika mkusanyiko wa wanaume wageni hajitii manukato yenye kuvuma. Walakini kuondoa jasho na harufu mbaya si katika makatazo hayo, na haki yake katika sabuni na dawa ya kikwapa ni sawa na haki ya nduguye mwanamume. Wako akina baba wanaowanyima mabinti zao hata haya kwa kuchelea fitina, na kumbe wamewanyima usafi ambao dini imewaamrisha.

Ama kugeuza, hapo ndipo penye hatari, na neno la mwisho katika ile karatasi ndilo lililo zito kuliko yote: krimu ya kung'arisha ngozi. Watu wa mitaani wana jina lake, mkorogo, kwa kuwa huchanganywa krimu hii na ile, na sabuni na vidonge vilivyosagwa, hata muuzaji mwenyewe asijue ndani mna nini. Ibn Mas'ud (r.a.) amepokea laana juu ya wenye kuchanja mwili, na wenye kuchonga meno yao yaachane kwa ajili ya uzuri, wenye kugeuza umbo la Mwenyezi Mungu. Imamu al-Nawawi, katika kuisherehesha hadithi hii, ameeleza kuwa haramu ni lile lifanywalo kwa kutaka uzuri. Ama lililohitajiwa kwa matibabu au kwa aibu ya jino na mfano wake, hapana ubaya. Basi mwenye chunusi akatafuta dawa kwa tabibu hakugeuza umbo, bali ameondoa ugonjwa. Anayeichubua ngozi nzima iliyo salama kwa kuwa haipendi rangi yake, huyo amo katika kugeuza.

Na lau kama pasingekuwa na hadithi, madhara peke yake yangetosha kuharimisha. Katika krimu nyingi za namna hii imepatikana zebaki. Zebaki huizuia ngozi isifanye ile rangi yake nyeusi, ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka iwe kinga ya jua. Nayo hupenya mwilini, na Shirika la Afya Duniani limebainisha kuwa dhara lake kubwa katika krimu na sabuni hizi ni kuharibu mafigo, pamoja na vipele na makovu na ngozi kupoteza nguvu ya kujikinga na vijidudu. Nyingine zina haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu yaweza kuigeuza ngozi kuwa na weusi wa buluu mahali palepale palipotakiwa weupe. Nyingine zina dawa za steroidi, zenye kuikondesha ngozi hata ikawa nyepesi kama karatasi. Na maji yaliyooga zebaki hayaishii bafuni. Huteremka baharini, yakaingia katika samaki, na samaki akarudi katika chano cha yule baba mvuvi aliyeinunua krimu. Kwa sababu hizi mataifa yalikubaliana katika mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza nguvu mwaka 2017, kuviondoa vipodozi vya zebaki. Na serikali za Tanzania na Kenya zimekataza kuuzwa krimu zenye zebaki na haidrokwinoni. Bado huuzwa kwa siri, na vikopo vyake havisemi kweli. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Lakini si haki lawama yote kuwekwa juu ya kichwa cha mwanafunzi. Ni nani aliyeupandisha bei weupe? Aendapo mtu kumposea mwanawe, hukaa barazani na wenziwe, wakamsifu binti wa fulani kwa kuwa ni mweupe, kabla ya kutajwa sala yake, na elimu yake, na tabia yake. Binti aliye ndani husikia. Huenda chuoni na maneno yale masikioni mwake, na mwenye duka la krimu hana haja ya kumshawishi tena, maana baraza imekwisha kumfanyia kazi. Na vijana wa kiume nao leo hujichubua kwa sababu iyo hiyo. Katika Suratur-Rum aya ya 22 kuhitalifiana kwa lugha na rangi za watu kumehesabiwa katika ishara za Mwenyezi Mungu, pamoja na kuumbwa mbingu na ardhi. Na mwenye kuadhini wa Mtume (s.a.w.) alikuwa Bilali wa Habasha. Basi mwanamume amwambiaye bintiye aache mkorogo, na hali yeye barazani husifu rangi, amekataza kwa mkono mmoja na kuamrisha kwa mwingine. Na aanze kuutengeneza ulimi wake. Ndipo krimu itakapokosa mnunuzi nyumbani mwake.

Na hapa irudiwe karatasi ya yule baba. Asiikunje, wala asiende kukopa. Na amwite mwanawe, wakae pamoja baada ya sala ya alasiri, na karatasi baina yao na kalamu mkononi. Sabuni, na mswaki, na mafuta ya nywele, na wembe, na dawa ya kikwapa, na nguo za kubadili zilizo safi: haya yamo katika kuondoa, nayo ni haki, baba na ayatoe kwa moyo mkunjufu kama atoavyo ada, maana mtoto aliyetiwa aibu hajifunzi. Manukato, na saa, na jozi ya pili ya viatu: haya yamo katika kuongeza, kama mali ipo, ni hisani, na kama haipo, kijana aambiwe wazi kuwa haipo, apimwe utu uzima wake kwa hilo. Mkufu na jozi ya tatu vifutwe. Na krimu ile isifutwe kwa ukali, bali iulizwe kwanza: "Mwanangu, ni nani aliyekwambia kuwa sura yako haitoshi?" Jawabu la swali hilo lastahili kusikilizwa mpaka mwisho, hata likiwa linamrudia baba mwenyewe.

Kwa hivyo lile neno juu ya karatasi halikuwa kosa. Liko pambo la lazima, nalo ni lile linalomwondolea mwenzi udhia, na bei yake ni ndoo ya maji na kipande cha sabuni. Linalozidi hapo ni neema yenye hesabu, na linaloligeuza umbo ni hasara. Mwanafunzi aliyeyajua haya hurudi chuoni mwili wake safi, moyo wake umetua, na ngozi yake ni ileile aliyozaliwa nayo.

Mwenyezi Mungu awape vijana wa Kiislamu elimu yenye manufaa na nguo ya ucha Mungu, na awape wazee wao hekima ya kuwalea. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.